Rangi ya Jumapili

Jumatatu, 3 Agosti

Asubuhi mawingu mepesi, upepo kidogo, hakuna mvua. Redio ilitabiri jua kali. Na yule mtabiri naye analipwa mshahara!

Jumamosi hii tunafungua Radi. Mwaka mzima bustani yetu ya burudani haina neno jingine. Ukiomba kiti kipya ofisini, ngoja Radi ifunguliwe. Choo kimeziba, ngoja Radi. Ni treni ya viti vya wazi. Inapanda mlima wa vyuma taratibu, inasimama pale juu pumzi moja, halafu inadondoka upande wa pili watu wakipiga mayowe. Watu wanalipa ili wapige mayowe. Sishangai tena.

Kikao cha asubuhi. Mkurugenzi alitaka makadirio yangu. Tunamwita Bwana Mafuriko, kwa sababu kila msimu huona watu "wamefurika" hata geti halijafunguliwa. Nikampa: elfu tisa, wakizidi sana elfu kumi. Njia yangu ni ile ile. Tiketi zilizouzwa mapema, mabasi yaliyoomba nafasi ya kuegesha, tarehe ya mishahara, mvua, mpira kama upo. Aliitazama karatasi kama mtu aliyeletewa chai iliyopoa. "Tisa tu, Bi Rangi?" Akachomoa kalamu, akafuta, akaandika ishirini. Utadhani anaongeza sukari.

Bi Rangi ni mimi. Kila siku ya mwezi naipaka rangi kwenye kalenda kubwa ya ukutani. Nyekundu, watu wengi: mageti yote sita wazi, vyoo vyote, wafanyakazi wote kazini. Manjano, wastani. Kijani, watu wachache: mageti mawili, vyoo vya upande mmoja, mikate nusu. Bustani nzima inaamka na kulala kwa rangi zangu, na bado karani wa mafaili ananiuliza kama kazi yangu ni ya kudumu.

Niliporudi Mama alikuwa dirishani. Chumbani kwake kinaonekana kilele cha Radi, juu ya mapaa. Wanaijaribu kwa mifuko ya mchanga.

"Leo imesimama pale juu zaidi ya jana," akasema.

"Mama, ile ni mifuko."

"Najua ni mifuko. Mimi naangalia inavyosimama."

Tangu watu walipomwangusha stendi wakamkanyaga, nyonga ikavunjika, hajatoka nyumba hii ila kwenda hospitali. Mwaka wa pili huu. Daktari anasema mfupa uliunga zamani. Kilichobaki, anasema, si cha mfupa. Na kwa maneno hayo tu anatutoza.

Leo amenishtua. Anataka kwenda! Anataka kusimama chini ya Radi atazame juu wakati inadondoka. Basi, halafu arudi. "Lakini unitafutie siku isiyo na watu. Mtu mmoja akinisukuma, nageuza, na msiniambie tena habari ya kutoka."

Siku isiyo na watu. Kwa mara ya kwanza kazi yangu ina maana kwa mtu.

Jumanne, 4 Agosti

Jua. Joto la mapema.

Mkuu wa matangazo ni kijana wa suti ya kubana na sauti ya mnadani. Namwita Kipaza. Bwana Mafuriko alimpa elfu ishirini yake. Kipaza akasema ishirini haijai kwenye bango. Sasa mji mzima unaambiwa arobaini! Redio kila nusu saa: "Fika alfajiri! Acha gari nyumbani! Foleni ya saa nzima na zaidi! Watu elfu arobaini wanatarajiwa—utakuwa wapi?" Anaisikiliza mwenyewe ofisini, anatikisa kichwa kwa kujipenda.

Jioni alikuja wifi yangu, mke wa kaka. Huyu ukimnong'oneza jambo jikoni, ukifika sebuleni unalikuta limeshakaa kwenye kiti. Alikuja kutangaza kwamba Jumamosi yeye hatoki. "Elfu arobaini? Mimi na wanangu tukafanye nini huko, tukawe unga?"

Nilimcheka. Mtu mzima kuamini redio!

Alhamisi, 6 Agosti

Mawingu, kisha jua.

Vizuizi vya foleni vimepangwa mbele ya Radi, kona kwa kona, vinajizungusha kama utumbo. Kona ya mwisho inapita chini kabisa ya pale inapodondokea. Mikate imekuja magari matatu. Vibarua wamepewa fulana zenye picha ya radi iliyochorwa kama mkia wa paka.

Fundi mkuu wa Radi, mtu wa maneno machache na mafuta mengi, alisimama mbele ya bango la Kipaza akalisoma mpaka mwisho. "Hawa watu," akauliza, "tunawaalika au tunawatisha?" Kipaza akacheka, akamwambia yeye ashike nati zake. Nami nilicheka. Fundi naye, toka lini akajua watu?

Jumamosi, 8 Agosti

Jua safi, anga tupu. Siku nzuri ya kuaibika.

Hawakuja!

Saa moja mageti sita wazi, kila geti lina dada wawili waliojipodoa. Saa mbili ikaja familia moja. Waliposhuka garini walitutazama sisi, wakatazama vizuizi, wakauliza kama wamekosea tarehe. Bendi ikapiga kwa heshima ya wauza aiskrimu. Mtoto wao aliingia kwenye foleni ya Radi peke yake, akaifuata yote kwa adabu, kona hii, kona ile, huku baba yake akiruka kamba tu na kumsubiri mbele.

Saa nne akafika mpiga picha wa gazeti. Bwana Mafuriko akaamuru viti vya Radi visionekane vitupu. Wakapandishwa wafagiaji. Wakapandishwa wapishi, na kofia zao. Bi Mkasi, mkata tiketi wa geti la kwanza, rafiki yangu ikibidi niwe na mmoja, alipandishwa mara nne. Aliposhuka ya mwisho alikuwa ameshika tumbo. "Bi Rangi, haya mayowe yangu yamo kwenye mshahara au ni nyongeza?"

Jumla ya siku, elfu moja na kidogo. Arobaini ya Kipaza, ishirini ya bosi, tisa yangu, sote tumeanguka. Mimi nimeanguka kutoka chini, ndiyo tofauti.

Nimekaa nikafikiri. Kila mtu mjini aliogopa wale watu wengine watakaokuja. Na wale wengine waliogopa wale wengine. Mji mzima umekaa kwenye makochi ukijiogopa wenyewe! Na hakuna aliyekuwepo wa kuogopwa ila wapishi wetu na kofia zao.

Kila mfanyakazi amepewa mikate sita aende nayo kwake. Mama akauliza ya nini yote hii. Ya Kipaza, nikamwambia.

Jumapili, 9 Agosti

Jua. Hivyo hivyo. Mikate tena.

Jumatatu, 10 Agosti

Mvua alfajiri, imekatika saa tatu.

Kikao cha kumtafuta mchawi. "Makadirio yalitoka ofisi gani?" Bwana Mafuriko aliuliza akitazama dari, kana kwamba jibu limebandikwa huko. Nikasema yangu yalikuwa tisa. Akasema hata tisa haikufika. Kweli haikufika. Hilo limenikereketa kuliko kelele zake. Kipaza alikuwa anakunja kipande cha karatasi mpaka kikawa kidogo sana. Hakuna aliyemtazama yeye.

Sasa wamegeukia upande wa pili. Tubane matumizi! Vibarua waondoke, na fulana wazirudishe. Mikate ipunguzwe. Watu ambao juzi walinikaripia kwa kutoona mafuriko leo wananitaka nione ukame.

Nimefanya hesabu ya wiki hii taratibu, mlango nimeufunga. Jumamosi ijayo manjano. Jumapili tarehe 16: tiketi zilizouzwa mapema ni za kuhesabu kwa vidole, basi la shule hakuna hata moja, mchana kuna mpira mkubwa kwenye televisheni. Kijani. Haijapata kuwa kijani tangu ujenzi wa Radi uanze.

Sikuipaka kijani kwa ajili ya Mama. Naandika hivi ili iwepo.

Jumatano, 12 Agosti

Baridi kidogo asubuhi. Jua baadaye.

Nilipobandika kalenda ya wiki ukumbini watu walipiga vigelegele. Kwa rangi! Watu wazima, wengine wana wajukuu.

Kumbe ni pasi. Siku ya kijani mfanyakazi anaruhusiwa kuingiza familia yake bure. Mwaka mzima wa ujenzi pasi zilikuwa zimefungwa, na hakuna aliyelalamika. Nani alete watu wake watazame shimo la zege? Mimi mwenyewe nilishazisahau. Kwenye hesabu zangu hazimo, hazijawahi kuwemo. Pasi si tiketi.

Pasi yenyewe imeandikwa: "Mfanyakazi na familia yake." Basi, nukta. Aliyeiandika bila shaka alizaliwa peke yake akalelewa na kampuni ya bima.

Bi Mkasi amenishika mikono yote miwili pale ukumbini. "Mungu akuzidishie, Bi Rangi." Nikamwambia aachie, nina kazi.

Jioni nimemwambia Mama: Jumapili. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza tena wakati wa kula. Na tena nilipomzimia taa. "Hakika ya redio au hakika yako?" Yangu, nikasema. Kisha gizani akasema nimtolee vile viatu vyeusi vya kufunga, chini ya kabati, nyuma ya feni mbovu.

Vina vumbi la miaka miwili. Nimevipiga rangi mwenyewe.

Ijumaa, 14 Agosti

Jua. Upepo wa vumbi mchana.

Watu wamepoteza akili kwa siku moja ya bure. Bi Mkasi anatafuta wa kumshikia zamu ya Jumapili. Anakuja baba yake mdogo na wanawe, mama yake mkubwa, mjomba, na shangazi aliyemlea.

"Hao wote ni familia?"

"Kwani kwenu familia ni nani? Wewe na kalenda?"

Nimemwacha. Karani wa mafaili naye anabadilisha zamu. Wapishi wawili pia. Anayepanga zamu amejifungia ofisini, ukigonga anasema hayupo. Fundi mkuu ameniuliza kama najua mtu anayekodisha basi. Basi! Nikamuuliza kama anahama. "Wakwe," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Na wifi. Sikumwambia, amejua tu. "Mimi si familia?" Tayari amejipanga yeye, watoto wanne, mama yake, na dada yake ambaye hata jina simjui.

"Wifi, pasi ni ya Mama."

"Ukiitwa kazini atakaa na nani? Na mti?"

Amenishinda. Kwa hiyo kwangu tutakuwa tisa. Tisa si umati.

Nimerudia hesabu ya Jumapili kwa mara ya mwisho. Tiketi, mabasi, mpira. Kijani, haina doa. Nimemwambia Mama atasikia ndege wakilia.

Jumapili, 16 Agosti

Umande, jua la upole, hakuna upepo. Asubuhi nzuri kuliko zote za mwezi huu. Laana!

Naandika kwa mpangilio, tangu mwanzo, kwa sababu kesho nitaulizwa.

Saa mbili tulikuwa getini. Mama na fimbo yake na viatu vyake. Mimi nimemshika mkono wa kushoto, wifi na watu wake nyuma. Uwanja wa mbele ulikuwa mtupu, umefagiliwa, maji ya fagio bado hayajakauka. Mama alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Kweli hakuna watu," akasema. Na akauachia mkono wangu. Akatembea mwenyewe, tok, tok, mpaka kwenye benchi karibu na bwawa la boti. Pale akasema apumzike kidogo kabla ya kwenda kuiona Radi. Nikafikiri: ningeulizwa leo kazi yangu ni ya nini, ningejibu bila kupepesa macho.

Saa tatu likaja basi la fundi. Fundi alitangulia, shati safi, uso wa mtu anayesindikizwa mahakamani. Nyuma yake wakwe. Wakashuka, wakaendelea kushuka. Nikasema moyoni, huyu amezidisha, lakini ni mmoja. Likaja la pili. Likaja lori la mchanga, watu wamekaa juu yake kwenye viti vya plastiki: ukoo wa karani wa mafaili, mtu ambaye mwaka mzima hajanijibu salamu! Wapishi walikuja na jamaa ambao bila shaka hawajawahi kuonja chakula chao, maana walikuwa na furaha.

Hapo nikapiga hesabu. Nilikuwa nimesimama tu, sina kalamu. Tuko wafanyakazi zaidi ya mia tatu. Kila mmoja na familia yake. Na familia, nukta.

Sisi wenyewe tulikuja tisa, nami nikaandika kwamba tisa si umati.

Na kulikuwa na lingine, baya zaidi. Wale waliokuja kutembezwa walitembezwa na nani? Na wenye kazi! Mwenye kuendesha boti alikuwa kwenye boti na shemeji zake. Mwenye vyoo alikuwa kwenye foleni ya vyoo. Mageti mawili wazi, kama nilivyoamuru, na la kwanza lina binti aliyeanza kazi Jumanne.

Simu ikalia. Mlinzi wa geti. "Bi Rangi, umesema kijani. Njoo uione kijani yako."

Nikamwacha Mama kwenye benchi na wifi. "Usibanduke hapa." Wifi akakunja mdomo: "Mimi mtoto?"

Nilikata tiketi mwenyewe, zaidi ya saa mbili, kwa kucha pale mkasi ulipopotea. Bi Mkasi akapita na watu wake, mstari mzima, kutoka anayebebwa mpaka anayeshikwa mkono. Akanionyesha kwa kidole: "Huyu ndiye aliyetupa Jumapili!" Wakanipa mikono. Wote. Yule shangazi aliyemlea alisimama pale getini akaniuliza hali yangu, hali ya mama yangu, kama nimeolewa, na kama sivyo kwa nini, huku nyuma yake foleni imeshafika barabarani.

Na barabarani ndipo palipoharibika kabisa. Wapita njia wakaiona foleni. Magari yakaanza kusimama. Kuna nini hapo? Lazima kuna kitu! Wakashuka, wakanunua tiketi, pesa taslimu, bila kuuliza bei. Wiki nzima tuliwaambia kuna umati wakakaa nyumbani. Leo wameuona kwa macho, wakakimbilia kuwemo. Mpira kwenye televisheni, nani anautazama? Watu! Sijui kwa nini nimewasoma miaka yote hii.

Karibu saa sita mlinzi akanipokea. Nikakimbia kwenye benchi. Wamekaa watu wengine, wanamenya mayai. Wifi hayupo. Watoto hawapo. Mama hayupo.

Nikamuona wifi kwenye foleni ya juisi. "Alisema anaenda kujinyoosha miguu," akasema. "Nami nikajua yuko na wewe." Nina jibu lake, nimelihifadhi.

Kipaza sauti kilikuwa kinaita mtoto wa fulana ya njano, mtoto wa kandambili moja, na mjomba wa mtu. Nilipita katikati ya watu kwa mabega. Kila aliyenigusa nilimuona stendi. Nilimuona Mama chini, miguu ya watu, kiatu kimoja cheusi kimelala upande.

Alikuwa kwenye foleni ya Radi.

Ndani kabisa. Watu mbele, nyuma, pembeni. Fimbo mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka begani mwa mama mmoja mnene ambaye simjui, labda mkwe wa fundi. Mtu anampepea kwa ramani ya bustani. Na alikuwa anapiga kelele! Kijana alikuwa amepenya chini ya kamba. "Wewe mwenye kofia! Nyuma! Kwani sisi hapa tumeota mizizi?" Watu wakacheka, wakapiga makofi, kijana akarudi nyuma amejifunika uso na kofia yenyewe. Yule mama mnene akamwambia kitu sikioni, Mama akacheka mpaka akashika ubavu.

Yote haya niliyaona. Nayaandika sasa. Pale sikuyaona. Pale niliona watu tu.

Nikaingia chini ya kamba. "Na huyu naye!" wakasema. Nikamshika mkono.

"Mama, toka."

"Nimebakiza kona mbili."

"Watakukanyaga."

"Nani?" Akageuka kuwatazama. "Hawa?"

Yule mama mnene akasema, mwache mwenzangu, tunamshika sisi. Nikamwambia hayamhusu. Nikamvuta Mama. Amekuwa mwepesi, sikujua. Nikamtoa kinyume cha foleni yote, kona kwa kona, samahani, samahani, watu wanajibana kwenye vizuizi kumpisha, hakuna hata mmoja aliyemsukuma. Mkono wangu ndio ulioipiga fimbo yake ikaanguka. Akainama mwenyewe, akaiokota.

Hapo Radi ikadondoka. Mayowe. Akageuza shingo kwa haraka, lakini tulikuwa tumeshafika nyuma ya paa la mgahawa. Haikuonekana kitu.

Nyumbani amefungua kamba za viatu polepole, hakutaka nimsaidie. Amekula. Nilipouliza kama chumvi inatosha alisema inatosha.

Saa kumi na mbili akapiga Bwana Mafuriko. "Bi Rangi! Wamefurika!" Ana picha iliyopigwa kutoka juu ya Radi, vichwa mpaka barabarani. Kipaza anaiweka kwenye bango usiku huu huu. Kumbe Jumapili ilikuwa mbinu, anasema, na mbinu ilikuwa yake. Nikaanza: "Mkurugenzi, wengi wao walikuwa—" "Wengi! Ndiyo, wengi! Ndilo ninalosema!" Akacheka, akakata. Halafu akapiga tena. Anataka rangi ya Jumamosi ijayo mezani kwake asubuhi saa mbili.

Nimejaribu. Bango hilo litawavuta au litawafukuza? Wiki iliyopita idadi iliwafukuza. Leo foleni imewavuta. Picha ya foleni ni idadi au ni foleni? Nikipaka nyekundu, pasi zinafungwa. Nikipaka kijani, najua sasa kijani ni nini. Manjano ni rangi ya mwoga. Nimeshika kalamu zote tatu nimeziweka chini zote tatu.

Kisha Mama ameniita. Nikaenda nikasimama mlangoni. Amekaa kitandani, taa inawaka, uso ameuelekeza dirishani.

"Jumamosi kutakuwa na watu?"

"Ungependa wawepo, Mama, au—"

"Nimeuliza kama watakuwepo."

Sauti ya kawaida. Sauti ya kuuliza kama maji yamechemka. Nilimtazama kisogo, mabega, mkono juu ya shuka. Mama yangu mzazi. Nilitafuta hapo jibu lipi litamtoa nje na lipi litamfungia ndani, na sikuona chochote.

"Sijajua bado," nikasema.

"Ukijua, niambie."

Taa yake bado inawaka. Jumamosi haina rangi. Saa saba kasoro robo, nalala.